Lenzi ya Picha za Watu: Ununue Sasa au Usubiri Inayokuja?

Una kamera, una wateja wawili watatu wanaokuita kwenye harusi na mahafali, na umekusanya fedha kidogo kidogo. Unataka lenzi ya picha za watu: ile inayoifanya sura ikae vizuri, macho yawe makali na ukuta wa nyuma ufifie. Kabla hujalipa, mtu anakwambia usiharakishe, kuna toleo jipya linakuja. Miezi sita inapita, fedha imeingia kwenye ada ya shule au paa linalovuja, na bado unapiga kwa lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuamua. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa wengi wenu jibu ni kununua sasa, na mara nyingi kununua lenzi ya zamani. Kusubiri kuna nafasi yake, lakini ni nyembamba, na nitakuonyesha mipaka yake.

Kwa nini lenzi haizeeki kama simu

Simu ya miaka mitano inakuwa nzito, programu zinaikataa na betri inakufa. Lenzi haiko hivyo. Ndani yake kuna vioo, mota ya kutafuta fokasi na mapazia madogo yanayofungua na kufunga tundu la mwanga. Kioo kilichosafishwa vyema mwaka 1992 kinapitisha mwanga leo sawasawa na siku ile.

Mwaka huo siutaji bure. Ndio mwaka Canon walipotoa EF 85mm f/1.8 USM, lenzi iliyowalisha wapiga picha wengi wa harusi duniani. Kwa miaka mingi wapo waliokuwa wakisubiri toleo lake la pili. Lenzi ilikuwa ya zamani, jirani yake 50mm f/1.4 ilitoka 1993, na kila mwaka ulionekana kuwa ndio wenyewe. Mwaka 2017 Canon wakatoa 85mm, lakini ya f/1.4 ya daraja la juu, nzito na ghali. Septemba 2018 wakaleta kamera ya EOS R yenye mdomo mpya uitwao RF, na nguvu zao zikahamia huko. Toleo la pili la ile f/1.8 halikuja kamwe. Kilichokuja mwaka 2020 ni RF 85mm f/2, nayo haiwezi kufungwa kwenye kamera za DSLR ambazo waliokuwa wakisubiri walikuwa nazo mkononi.

Angalia na upande wa Sony. Lenzi yao ya 85mm f/1.4 GM ilitoka 2016, na toleo la pili likaja 2024. Jipya lina gramu 642, la kwanza 820, na fokasi yake ni ya haraka zaidi. Ni maendeleo ya kweli. Ila kati yake kuna miaka minane, na mtoto aliyepigwa picha ya ubatizo 2016 alikuwa darasa la pili au la tatu lenzi hiyo ilipofika dukani.

Kwa hiyo kalenda ya kiwanda usiitumie kupanga maisha yako. Huijui, na wanaoijua hawakuambii. Kalenda unayoijua ni yako: Shaabani inavyojaa harusi kabla ya Ramadhani, Kwaresima inavyopunguza ndoa za kanisani, mahafali ya vyuo mwishoni mwa mwaka, Desemba watu wanaporudi nyumbani. Lenzi inayofika wiki mbili baada ya msimu imechelewa, hata iwe nzuri namna gani.

Pima chumba kabla hujapima bei

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Watu husikia kwamba 85mm ndiyo lenzi ya sura, wakanunua, wakafika studio yao ya mita tatu kwa nne wakakuta wanapiga picha za kichwa tu. Tatizo si lenzi. Kamera nyingi tulizo nazo, kama Canon 700D au Nikon D3200, zina kihisi kidogo, yaani kile kibapa kinachopokea picha ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya zamani. Kihisi kidogo hukata kingo za picha, na lenzi huonekana kama imesogea karibu zaidi: kwa Canon zidisha milimita kwa 1.6, kwa Nikon na Sony kwa 1.5. Hivyo 50mm hukupa mwonekano wa kama 80mm au 75mm, na 85mm inakuwa kama 136mm.

KISANDUKU: UMBALI UNAOHITAJI KUTOKA KAMERA HADI KWA MTU (kamera imesimamishwa wima, hesabu ni za makadirio, na kihisi kidogo hapa ni cha Canon)

Kihisi kidogo, lenzi ya 50mm
– Mtu mzima aliyesimama, kichwa hadi miguu: karibu mita 5
– Kiuno hadi kichwa: mita 2.2

Kihisi kidogo, lenzi ya 85mm
– Mtu mzima aliyesimama: mita 8.4
– Kiuno hadi kichwa: mita 3.8

Kihisi kikubwa, lenzi ya 50mm
– Mtu mzima aliyesimama: mita 3
– Kiuno hadi kichwa: mita 1.4

Kihisi kikubwa, lenzi ya 85mm
– Mtu mzima aliyesimama: mita 5.2
– Kiuno hadi kichwa: mita 2.4

Ongeza mita moja na nusu nyuma ya mtu ili asigande ukutani, na nafasi ya wewe mwenyewe kusimama.

Ukisoma kisanduku hicho utaona kwamba mwenye kihisi kidogo na chumba kidogo anahitaji 50mm, si 85mm. Mwenye kihisi kikubwa anayefanya kazi ufukweni au bustanini ndiye 85mm itamfaa sana.

Na kwa nini tusipige kwa 35mm karibu kabisa tukamaliza? Kwa sababu umbo la sura linatokana na umbali wako na mtu, si milimita za lenzi. Ukimsogelea mtu chini ya mita moja na nusu, pua na paji la uso huanza kukua na masikio kurudi nyuma. Ukikaa mita mbili hivi sura inatulia. Lenzi ya picha za watu ni ile inayokuruhusu kukaa umbali huo na bado fremu ikajaa.

Jaribio lisilo na gharama:

1. Chukua lenzi yako ya 18-55, izungushe hadi 50, ubandike kipande cha selotepu isisogee.
2. Piga kazi moja nzima hivyo, ndani na nje.
3. Ukigonga ukuta kwa mgongo mara kwa mara, hata 50mm ni ndefu kwa mahali pako, fikiria 35mm.
4. Ukijikuta unasogea mbele kila mara na nafasi ipo, 85mm ina kazi kwako.

Mdomo wa kamera: swali linalozidi yote

Lenzi hufungwa kwenye mdomo wa kamera, na kila kampuni ina wake. Ukikosea hapa, huna lenzi. Una pambo la kabati.

*Ukiwa na Canon ya DSLR.* Mdomo wako ni EF, uliopo tangu 1987. Lenzi za RF hazitaingia kabisa. Lakini lenzi ya EF utakayonunua leo itafanya kazi kikamilifu, fokasi yake ikiwamo, kwenye kamera za RF kwa kutumia adapta. Hii ndiyo sababu naona mwenye Canon ya DSLR hana cha kusubiri: anachonunua leo anahama nacho.

*Ukiwa na Nikon.* Hapa kuwa makini. Kamera za Nikon za familia ya D3000 na D5000 (D3100, D3200, D3300, D3400, D3500, D5100, D5300 na ndugu zao) hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi zenye herufi AF-D, kwa mfano 50mm f/1.8D na 85mm f/1.8D, zitafunga vizuri na zitapiga picha, ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Harusini huko ni kujitesa. Tafuta herufi AF-S. Hata ukihamia kamera za Z siku moja kwa adapta ya FTZ, za AF-S zitaendelea kutafuta fokasi zenyewe na za AF-D hazitaweza. Muuzaji akikwambia ni ileile tu, si ileile.

*Ukiwa na Sony isiyo na kioo.* Mdomo wa E umekuwapo tangu 2010 na unaendelea. Angalia maandishi FE: lenzi za FE zinafaa vihisi vikubwa na vidogo, zile zilizoandikwa E peke yake zimetengenezwa kwa vihisi vidogo. FE 85mm f/1.8 ya mwaka 2017 bado ni lenzi nzuri mno kwa bei yake.

*Ukiwa umeamua kubadilisha kampuni ndani ya mwaka huu.* Hapo simama. Usinunue lenzi ya mdomo unaouacha, labda uipate kwa bei ambayo hutaumia ukiiuza.

Tundu la mwanga, kwa ufupi

Namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi yako ya 18-55 ikifika 55 tundu lake ni f/5.6. Ukienda f/1.8 unapata mwanga karibu mara kumi. Ukumbini, picha iliyodai ISO 6400 na kujaa chenga sasa inatosheka na ISO 640. Hilo mteja analiona bila kuambiwa.

Kutoka f/1.8 kwenda f/1.4 unaongeza kama mara moja na nusu tu na zaidi kidogo, huku bei ikipanda mara kadhaa. Canon RF 85mm f/1.2 ilipotoka 2019 iliuzwa dola 2,699 Marekani, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa anayepiga matangazo ya mitindo ina sababu. Kwa anayeanza, f/1.8 inatosha, na tofauti ya fedha inunue flashi na kiakisi cha mwanga. Ngozi yetu nyeusi hupendeza mwanga mkubwa laini unapoigusa kutoka ubavuni, na hakuna tundu la lenzi linaloleta mwanga wa aina hiyo.

ONYO: Kwa 85mm kwenye kihisi kikubwa, ukiwa mita mbili na f/1.8, kinachokuwa kikali ni kama sentimita 6 tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshafifia. Bibi na bwana harusi wakisimama mmoja nyuma kidogo ya mwenzake, mmoja atapotea. Kwa watu wawili funga hadi f/4, kwa familia f/5.6 au zaidi.

Hatua za kuamua

1. Fungua picha zako mia moja za mwisho ulizolipwa. Andika kilichozikwamisha: chenga, mandharinyuma yenye fujo, fokasi iliyokosa, au mwanga mbaya. Lenzi mpya inatibu mawili ya kwanza, na ya tatu kwa sehemu. Mwanga mbaya haiutibu.

2. Andika sentensi moja: "Nahitaji lenzi hii kwa sababu picha zangu za ... zinashindwa ...". Ukishindwa kuimalizia, bado hujafika wakati wa kununua, wala wa kusubiri. Endelea kupiga.

3. Orodhesha kazi zilizothibitishwa za miezi mitatu ijayo. Zile zilizolipiwa kishika uchumba, si za "nitakupigia".

4. Gawanya bei ya lenzi kwa ziada utakayopata kila kazi. Mfano wa hesabu tu: lenzi ni shilingi 450,000, nawe unaamini utaongeza 30,000 kwa kila kazi. Itajilipa kwa kazi 15. Kama kazi hizo unazo ndani ya mwaka, nunua. Kama una tatu, azima au kodi kwa mwenzako.

5. Uliza kuhusu hiyo lenzi inayosubiriwa maswali matatu. Je, kampuni yenyewe imeitangaza, ikiwa na bei na tarehe ya kuuzwa? Je, inafunga kwenye kamera uliyo nayo leo? Je, inatibu kile ulichoandika kwenye hatua ya 2? "Hapana" moja inatosha kukurudisha dukani kununua iliyopo.

6. Kodi kabla ya kununua, ikiwezekana. Dar es Salaam na Nairobi wapiga picha hukodishana vifaa kwa siku. Siku moja ya harusi itakufundisha zaidi ya video nyingi za kusifia.

Tafadhali usinunue lenzi kwa kishika uchumba cha mteja ambaye kazi yake hujaifanya. Harusi ikiahirishwa utadaiwa fedha iliyogeuka kuwa kioo.

Wakati ambao kusubiri ni sahihi

Subiri kama lenzi imetangazwa rasmi na imebakiza wiki, si miaka. Hata kama hiyo mpya huimudu, toleo la kwanza litaanza kuuzwa na wale wanaopanda daraja, nawe unaweza kulidaka kwa bei nzuri. Subiri kama unabadilisha mdomo wa kamera. Subiri pia kama msimu umekwisha na huna kazi hadi miezi mitatu ijayo; lenzi isiyopiga haiingizi kitu, na kwenye hali ya hewa ya pwani inaweza hata kuharibika kabatini.

Usisubiri kwa sababu ya kitulizaji cha mtikisiko peke yake. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi harusi anayecheza. Kwa watu wanaotembea unahitaji shata ya 1/200 au zaidi, na hapo kitulizaji hakina la kusema.

Kununua mtumba bila kulia

Lenzi nyingi nzuri Kariakoo au Luthuli Avenue zimeshapita mikono miwili mitatu, baadhi zikitokea Dubai. Hakuna ubaya. Nenda na kamera yako iliyochajiwa, kadi yenye nafasi na tochi ya simu, kisha pitia haya:

☐ Fangasi. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika tochi kwa ubavu upande mmoja, tazama upande wa pili. Nyuzi zinazofanana na utando wa buibui ni fangasi. Usinunue hata kwa nusu bei. Punje chache za vumbi si tatizo.

☐ Mapazia ya tundu. Piga picha kwa f/1.8, f/5.6 na f/16 mahali pamoja, kamera ikiwa kwenye A au Av. Mwangaza ukibadilika ovyo, mapazia yananata.

☐ Fokasi. Laza gazeti mezani kwa mshazari, lenga mstari mmoja kwa tundu kubwa kabisa, piga mara kumi. Kuza kwenye kioo cha kamera. Mstari uliolenga ndio uwe mkali, si wa mbele au nyuma yake.

☐ Mdomo na shaba zake. Lenzi isicheze ikishafungwa. Vipande vya kupitisha umeme viwe safi, bila kutu.

☐ Ukingo wa mbele. Ukiwa na kibonyeo, lenzi imeanguka. Rudia jaribio la fokasi kwa makini zaidi.

☐ Jina kamili. Canon 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990 na 50mm f/1.8 STM ya 2015 hufanana kwa mbali, na wapo wanaouza ya kwanza kwa bei ya pili. STM ina mdomo wa chuma, mapazia saba na fokasi tulivu. II ina mdomo wa plastiki, mapazia matano na hupiga kelele. Mwenye DSLR ya Canon na bajeti ndogo, chukua STM.

☐ Mwenye mali. Dai risiti au maandishi yenye namba ya lenzi, jina na simu ya muuzaji. Bei ya chini kupita kiasi mara nyingi ina mwenyewe anayeitafuta.

Ukinunua mpya, uliza kama dhamana inahudumiwa nchini au ni lazima uirudishe ilikotoka. Ukiagiza nje, jumlisha usafiri, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani (asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya) kabla hujafurahia bei ya kwenye skrini.

Ukishaipata

Siku saba za kwanza ipige kila siku, kivulini, juani na usiku, ili kasoro ijitokeze wakati muuzaji bado anakukumbuka. Jifunze kufunga tundu hadi f/2.8 pale ambapo f/1.8 inakupa macho yasiyo makali.

Na kama uko Tanga, Mombasa, Unguja au mji wowote wa pwani, usiirudishe kwenye mkoba wa ngozi na kuusukumia uvunguni. Fangasi hupenda joto, giza na unyevu, na mkoba huo una vyote vitatu. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka pakiti kadhaa za silika jeli, zibadilishe au zikaushe zinapolowa, na itoe lenzi mwangani angalau mara moja kwa wiki hata kama huna kazi. Ukitoka kupiga ufukweni, ifute chumvi kwa kitambaa laini kabla hujaifungia.